Mwenye Nyumba Anapoleta Wateja Wakati Bado Unaishi Humo: Mwongozo kwa Wapangaji wa Tanzania Bara

Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita mwanzoni mwa Januari hujikuta, ifikapo katikati ya Mei, akigongewa mlango na mtu asiyemfahamu. Huyo ni dalali, na nyuma yake wamesimama watu wawili au watatu wanaotaka kuona chumba na sebule. Pengine mwenye nyumba alikwisha kusema kwamba mkataba hautaongezwa, pengine anataka kuiuza nyumba, na pengine mpangaji hakuwa na habari yoyote mpaka dakika ile. Wengi hufungua kwa aibu, kitanda hakijatandikwa na mtoto amelala, kwa kuamini kwamba nyumba ni ya mwenyewe na kwamba mwenyewe anaweza kuingia wakati wowote pamoja na yeyote amtakaye. Imani hiyo si sahihi kisheria. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimeona watu waungwana wakivumilia bughudha ya miezi miwili mizima wakidhani hawana la kusema.

Maelezo yote yanahusu nyumba za makazi za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na upangishaji, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asivichukue vifungu nitakavyovitaja kuwa ni vyake, ingawa ushauri wa namna ya kuzungumza na kuweka kumbukumbu utamfaa vilevile.

Hatua ya kwanza: fahamu kodi yako imekupa haki gani

Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo ni Sura ya 113 ya Sheria za Tanzania, huingiza masharti fulani ndani ya kila mkataba wa pango hata kama wahusika hawakuyaandika. Katika kifungu cha 88, kwa namba za toleo la 2019, sharti la kwanza linalomfunga mwenye nyumba ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake ataikalia na kuitumia nyumba kwa amani na utulivu kwa muda wote wa mkataba, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Maneno hayo ya mwisho yanamhusu dalali moja kwa moja, kwa maana hana mamlaka yoyote zaidi ya yale ya aliyemtuma. Mlango ambao mwenye nyumba mwenyewe hawezi kuufungua bila ridhaa yako, dalali pia hawezi kuufungua.

Kifungu hichohicho kinampa mwenye nyumba, yeye binafsi au kupitia wakala wake, uwezo wa kuingia kwa madhumuni ya kukagua hali ya jengo na kufanya matengenezo yaliyo juu yake, kwa sharti kwamba asivuruge isivyo halali matumizi ya mpangaji. Ningependa kila mpangaji ayashike maneno hayo mawili, kukagua na kutengeneza, kwa sababu kuleta wateja wa kupanga au wa kununua hakumo. Fundi bomba aliyetumwa kuziba bomba linalovuja ana msingi katika sheria. Mgeni anayetaka kujua kama jiko linatosha friji lake hana msingi huo, na ataupata tu kama mkataba ulitamka hivyo au kama wewe umekubali.

Juu ya sheria hiyo iko Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ambayo katika Ibara ya 16 inatambua kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, ya maisha yake binafsi na ya familia yake, pamoja na heshima ya maskani yake. Ibara hiyo inazungumzia maskani, yaani mahali mtu anapoishi, na haiulizi hati ya nyumba imeandikwa jina la nani. Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 16, inapoeleza kosa la kuingia kijinai katika kifungu cha 299, huangalia ni nani anayeikalia mali, na huhitaji kuwe na nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kutenda kosa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Maana yake pia, na hili lisipuuzwe, ni kwamba si kila kuingia bila taarifa ni jinai, na mpangaji anayekimbilia polisi siku ya kwanza kwa sababu dalali amechungulia dirishani huenda akarudi bila msaada.

Haki hizi zina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba utulivu umeahidiwa kwa mpangaji anayelipa kodi. Usizuie kodi kwa hasira ya kuletewa wageni, kwa sababu siku utakayokwenda kulalamika, deni hilo ndilo litakalokuwa jibu la kwanza la upande wa pili. Wa pili unahusu sehemu za pamoja. Katika nyumba nyingi za uswahilini mpangaji amekodi chumba kimoja au viwili, na ua, korido, bafu na choo ni vya wote. Mwenye nyumba anayeishi humohumo anaweza kuwapitisha wateja uani bila kukuomba ruhusa, ila kizingiti cha chumba chako ni mpaka.

Hatua ya pili: soma mkataba, na kama hujasaini, uandike vizuri

Tafuta mkataba wako na usome kila sharti linalotaja kuingia, kukagua, kuonyesha au kuuza. Ukikuta sentensi inayosema kwamba katika mwezi wa mwisho mwenye nyumba ataruhusiwa kuwaonyesha nyumba wapangaji watarajiwa, ujue umekwisha kukubali, na kukataa kabisa kutakufanya wewe uwe mvunja mkataba. Hata hivyo bado una nafasi ya kupanga siku na saa, kwa kuwa ruhusa ya kuonyesha haigeuki kuwa ruhusa ya kuingia usiku au kuingia ukiwa kazini. Mkataba ukiwa kimya juu ya jambo hili, turufu iko mikononi mwako.

Wapo wasio na karatasi yoyote, walioishi kwa maneno na risiti za kodi. Hao pia wana mkataba. Sheria ya Ardhi inatambua pango la muda mfupi, lisilozidi mwaka mmoja, hata likifanywa kwa mdomo, na masharti ya utulivu niliyoyaeleza yanaingia humo pia. Wasichokuwa nacho ni ushahidi wa kile walichokubaliana, na ndiyo maana stakabadhi za kodi, ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo ya WhatsApp visifutwe.

Kama bado hujasaini, omba sharti la namna hii liongezwe: "Mwenye nyumba anaweza kuwaonyesha nyumba wapangaji au wanunuzi watarajiwa katika siku thelathini za mwisho za mkataba, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, baada ya kumpa mpangaji taarifa ya maandishi ya saa arobaini na nane, na mpangaji au mwakilishi wake akiwapo." Mwenye nyumba mwenye nia njema hana sababu ya kulikataa, kwa kuwa linamhakikishia kwamba atapata mteja kabla hujaondoka. Mkataba ukishasainiwa, hakikisha ushuru wa stempu unalipwa, maana hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipwe, na wengi hugundua hivyo wakiwa tayari wamesimama mbele ya baraza.

Hatua ya tatu: jibu ombi kwa maandishi, na wewe ndiwe upange ratiba

Mwenye nyumba akikupigia simu kwamba kesho analeta watu, usimkatalie kwa ukali na usikubali papo hapo. Mwambie utamjibu kwa ujumbe, kisha uandike siku hiyohiyo. Ujumbe kwa mama mwenye nyumba unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama. Nimepokea simu yako kuhusu wateja wa kuona nyumba. Sina kipingamizi, ila naomba tupange ili nami nijiandae. Nitakuwapo Jumatano kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa saba mchana. Naomba wateja waje katika nyakati hizo tu, wasizidi watatu kwa mara moja, na nijulishwe siku mbili kabla jina la dalali atakayewaleta. Naomba pia pasipigwe picha za ndani bila kuniuliza. Asante sana mama."

Ujumbe huo una heshima yote inayotakiwa na hauachi pengo. Unaonyesha kwamba hukukataa, jambo litakalokusaidia baadaye mgogoro ukitokea, na unaweka nyakati ambazo yeyote atakayekuja nje yake atakuwa amevunja makubaliano yanayosomeka. Saa arobaini na nane nilizozitaja hazikuwekwa na Sheria ya Ardhi, ni kiasi ninachokiona cha haki kwa mtu anayefanya kazi. Mkikubaliana ishirini na nne si vibaya, na mkikubaliana kwa maandishi zinawafunga nyote.

Lazima niseme kitu juu ya madalali, kwa sababu bila kukielewa huwezi kuelewa kwa nini wanakuja wengi hivyo. Malipo yao makubwa, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, hupatikana pale tu nyumba inapopata mpangaji. Lakini mahali pengi dalali humtoza kila mteja pesa ya kuonyeshwa, ipatikane nyumba au isipatikane. Kwa hiyo kila mguu unaoingia kwako una thamani kwake, hata kama anajua fika kwamba mteja huyo hana uwezo wa kodi hiyo. Nyumba moja ikitajwa kwa madalali wanne, mpangaji atagongewa na wote wanne, kila mmoja na wateja wake. Mwombe mwenye nyumba ateue dalali mmoja tu kwa muda ule, na uwaambie wengine kwamba maelekezo uliyopewa yanamtaja huyo. Dalali asiyekubali, mwambie ampigie mwenye nyumba mbele yako na kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Asiyeweza kufanya hivyo, usimfungulie.

Hatua ya nne: siku ya kuonyesha

Uwepo wako ni muhimu kuliko usafi wa nyumba. Usijione una wajibu wa kupamba sebule ili mwenye nyumba apate mteja. Wajibu wako ni kuacha njia ya kupita, na wajibu wao ni kutazama nyumba bila kufungua makabati wala kugusa vyombo. Fedha, vito, simu za akiba, hati na vyeti vifungiwe kabla hawajafika. Wape dakika kumi au kumi na tano. Muda huo unatosha kuona vyumba viwili, jiko na bafu, na kujibu maswali kuhusu maji na luku. Ukiulizwa kwa nini unahama, unaweza kunyamaza, lakini usiseme uongo juu ya hali ya nyumba, si kwa kumpendelea mwenyewe wala kwa kumkomoa. Kama paa linavuja na mteja ameuliza, mwambie ukweli na umwelekeze kwa mwenye nyumba.

Wanawake wanaoishi peke yao wanastahili maelezo marefu kidogo hapa. Kumwingiza mwanamume asiyejulikana ndani ya chumba cha mwanamke, jua limeshazama, kwa sababu tu dalali ametoka mbali, ni hatari ambayo hakuna kodi inayoihalalisha. Una haki ya kudai miadi iwe mchana, kumwita jirani au ndugu akae nawe, kuuliza majina kabla ya kufungua, na kusimama mlangoni badala ya kutangulia chumbani. Una haki pia ya kusitisha ziara ikiwa mmoja wa waliokuja anakutazama wewe badala ya kuta, au anauliza unaishi na nani na unarudi saa ngapi. Usiogope kuonekana huna adabu. Andika namba ya gari au ya bodaboda waliyokuja nayo. Mwenye nyumba anayeingia kwako usiku au kukutolea maneno ya kukudhalilisha si mgogoro wa kodi tena. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko suala hilo liende.

Picha ni eneo jingine linalosumbua siku hizi. Dalali hutoa simu, hupiga kila pembe, na jioni picha ziko Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, zikionyesha televisheni yako, picha za harusi ukutani, sare ya shule ya mtoto yenye nembo, pamoja na jina la mtaa. Anayetafuta pa kuiba hahitaji ramani nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Njia nyepesi zaidi ni kukataa mapema, au kukubali picha za vyumba baada ya kuondoa kila kinachokutambulisha wewe na familia yako. Zikishasambaa bila ridhaa yako, mwandikie dalali aziondoe, na uweke nakala ya tangazo kabla hajalifuta.

Hatua ya tano: wanapoingia ukiwa haupo

Mwenye nyumba wengi hubaki na ufunguo wa akiba, na hapo ndipo maudhi makubwa hutokea: unarudi kutoka kazini unakuta alama za viatu sebuleni. Piga picha za ulichokikuta zikiwa na saa na tarehe, waulize majirani walichokiona, kisha umwandikie mwenye nyumba jioni ileile, ukitaja siku, saa, na kwamba hukutoa ruhusa. Kama kuna kitu kimepotea, nenda kituo cha polisi uripoti upate RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, hata kama humshuku mtu kwa jina.

Je, ubadili kitasa? Kama mkataba haukatazi, unaweza, kwa gharama yako, ilimradi uhifadhi kile cha zamani na kukirudisha siku ya kukabidhi nyumba. Lakini fikiria pia siku bomba litakapopasuka ukiwa Dodoma. Mimi ningependekeza ufunguo wa pili uachwe kwa jirani au ndugu unayemwamini, na mwenye nyumba ajulishwe kwa ujumbe kwamba kwa dharura ya moto, maji au umeme ampigie huyo. Kwa namna hiyo hakuna atakayesema umemfungia mtu nyumba yake.

Hatua ya sita: nyumba ikiwa inauzwa

Wanunuzi huja na maswali mengi kuliko wapangaji, na huambatana na mthamini, wakati mwingine na ofisa wa benki. Masharti ya miadi hayabadiliki kwa sababu ya ukubwa wa fedha. Usikubali kuambiwa kwamba nyumba ikiuzwa lazima utoke wiki hiyo: mauzo peke yake hayafuti mkataba ambao kodi yake umeshailipa, na mnunuzi aliyekukuta ndani anaikuta nyumba pamoja na mpangaji wake. Mwonyeshe mnunuzi mkataba na risiti mapema, akiwa bado anatazama, ili asije akadai hakujua. Akitaka utoke kabla ya muda, hayo ni mazungumzo ya kurudishiwa kodi iliyobaki na kulipwa gharama ya kuhama, na makubaliano yake yaandikwe kabla hujafunga mizigo.

Hatua ya saba: mambo yakishindikana

Anza kwa barua, nakala mbili, moja ipokelewe kwa sahihi. Eleza tarehe za kila tukio, rejea ujumbe wako wa ratiba, na utaje unachotaka: wateja waje kwa miadi, na asiingie mtu ukiwa haupo. Barua isipozaa kitu, mwone mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mimi nawaheshimu sana wenyeviti katika jambo hili, kwa kuwa mwenye nyumba anayemdharau mpangaji mara nyingi hasikii mpaka aitwe na mtu anayeishi naye mtaa mmoja.

Baada ya hapo liko Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hilo linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Likishindwa hutoa cheti cha kuthibitisha hivyo, na siku thelathini zikipita bila suluhu unaweza kuendelea bila cheti hicho kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko unaweza kuomba amri ya kumzuia mwenye nyumba asiendelee, pamoja na fidia ya hasara unayoweza kuithibitisha. Kwa pango lililobakiza wiki tano, safari hiyo inaweza kuwa ndefu kuliko mkataba wenyewe, kwa hiyo wengi hufaidika zaidi na barua na usuluhishi wa mtaa. Aliyevunjiwa mlango, aliyeibiwa au aliyetishiwa asihesabu wiki, aende. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au kufika kwenye ofisi za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Nenda na mkataba au risiti za kodi, ujumbe wote uliochapishwa kwa mpangilio wa tarehe, picha, RB kama ipo, na jina la jirani aliyekubali kuwa shahidi. Ujumbe wa simu unapokelewa kuwa ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini simu yenyewe usiibadilishe wala kuiuza mpaka shauri liishe, kwa sababu huenda ukatakiwa kuonyesha ulikotoka ujumbe huo.